Makofi Yetu Ndiyo Mwalimu Wao

Nkt! Ati waheshimiwa wafundishwe falsafa ya Wagiriki ndipo waache matusi. Kijana wa chuo ametutupia hoja hiyo hapa stendi ya bodaboda Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugombania kwa sababu ya ushuru. Tulitaka kumcheka, tukajikuta tunamsikiliza.

Anasema Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hakukataza hasira. Alitaka umkasirikie anayestahili, kwa kiasi, na kwa wakati wake. Haya, tupime. Februari 2021, kwenye mazishi ya babake Joash Maangi, naibu gavana wa Kisii wakati huo, wabunge Simba Arati na Silvanus Osoro walirushiana makonde jukwaani, Raila Odinga na William Ruto wakitazama. Marehemu hata hajazikwa! Nyamira nako, 2024, wawakilishi wadi wakagawanyika hadi kundi moja likawa na vikao vyake nje, likajiita Bunge Mashinani. Mwenye barabara ya matope ampelekee nani kilio?

"Wapelekwe semina," akadakia muuza miwa.

Semina za Mombasa tena? Semina wamehudhuria, na marupurupu wakatia mfukoni. Aristotle mwenyewe hakuamini kwamba mtu huwa mwema kwa kusikiliza mihadhara. Wema huja kwa kuutenda hadi ukazoeleka, na ubaya vilevile. Sasa nani kawazoeza huu ubaya? Si sisi? Mwaka 2022 Arati tulimpa ugavana, Osoro tukamrudisha bungeni. Mgombea mpole akieleza bajeti tunapiga miayo. Mwenye matusi akishika maikrofoni, hata wapishi wanaacha sufuria wakimbilie hemani.

Mafunzo tunayo tele. Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita nzima kuhusu uongozi na uadilifu. Na Abagusii tangu jadi tuna chinsoni, kanuni za heshima zinazombana mtu asiropoke mbele ya wazazi wake na rika lao. Halafu tunaketi mazishini, omogaka, yaani mzee, na mjukuu bega kwa bega, tunachekelea matusi ya nguoni. Aibu!

Basi ndugu yangu, mheshimiwa akianza kutukana, usicheke, usipige makofi, usimrekodi kwa simu ukasambaze. Uchaguzi ni Agosti 2027. Akija kuomba kura, muulize dawa za zahanati ziko wapi. Akijibu kwa tusi, mnyime.