Shangazi wa Reli: Kichwa cha Marehemu Mjomba Kinataka Simu

Barua zilizomfikia Shangazi wa Reli wiki hii zimetoka pande za Kocholia, zote tatu, na hakuna hata moja inayolalamikia mahari. Walioandika wanasumbuliwa na vichwa vya treni vya mfano.

Wa kwanza anajiita Mrithi wa Amagoro. Mjomba wake alimwachia kichwa cha LGB, treni za Kijerumani zilizoingia sokoni 1968. Kinakula umeme wa reli, kinaongozwa kwa kitufe cha transfoma, na sauti yake ni mlio wa gia tu. Mrithi anataka kukiendesha kwa simu akiwa amekaa chini ya mwembe. Anauliza aanzie wapi.

Shangazi anaanza na pongezi. Reli za LGB zina upana wa milimita 45, na kipimo kinachozifaa ni 1 kwa 22.5. Zidisha, unapata mita moja na kidogo: upana ule ule wa reli ya zamani inayovuka Malaba kwenda Tororo. Wenzake wanaotamani mfano wa SGR, yenye milimita 1,435, watafute kipimo kingine. Huyu mjomba alijua anakoishi.

Sasa kazi. Katika kichwa cha zamani umeme hutoka kwenye magurudumu ukaingia kwenye mota bila kupita popote, na katika baadhi ya vichwa hivyo brashi moja ya mota hugusa chasisi ya chuma. Dekoda, kile kibao kinachopokea amri, hakitaki undugu wa namna hiyo. Mota isipotengwa, kibao huungua siku ya kwanza na fundi husingiziwa. Basi Mrithi achukue multimita, aweke ncha moja kwenye brashi na nyingine kwenye chasisi; ikilia, kuna mgusano wa kukatwa kabla ya lolote. Baada ya hapo rangi za waya zitamwongoza: nyekundu na nyeusi hutoka kwenye reli, chungwa na kijivu huenda kwenye mota, buluu, nyeupe na njano ni za taa.

Halafu apime ulaji. Aunge mita ya ampea kwenye njia ya mota, awashe, ashike magurudumu kwa muda wa kusoma namba tu, aachie. Akichelewa, ataunguza mota. Namba hiyo ndiyo inayomchagulia dekoda, si bei wala picha kwenye boksi. Dekoda ya ampea 1, iliyotengenezewa treni ndogo za mezani, haina maisha ndani ya kichwa kikubwa cha bustani.

Kuhusu simu, njia ni mbili. Simu inaweza kuzungumza kwa waifai na kituo kinachotuma amri kupitia reli, au kichwa kikabeba betri na kipokezi chake chenyewe. Shangazi anachagua betri bila kusita: vumbi likifunika reli za uani, kichwa kinaendelea kutembea, na stima zikipotea Amagoro nzima, vilevile. Seli 3 za lithiamu hutoa volti 11.1, zikijaa 12.6. Ziwe na kibao cha kuzilinda, na zile zinazochomolewa kwenye laptopu zilizokufa zisiingie ndani ya plastiki ya mjomba.

Wa pili, Mpenda Moshi wa Malaba, ana kidonda kingine. Amejenga mfano wa kichwa cha mvuke, Garratt ya daraja la 59, akaweka sauti, na sasa majirani wanasema inasikika kama nyuki ndani ya debe.

Hapo spika haina boksi. Sauti ya mbele na ya nyuma zikikutana zinauana, kwa hiyo spika ifungwe kwenye kijiboksi kisichovuja hewa, na omu zake zilingane na zile dekoda inazotaka. Lakini Shangazi, akisikiliza rekodi aliyotumiwa, amesikia koleo likichota makaa. Makaa gani? Mashine 34 za daraja hilo, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilichoma mafuta. Isitoshe, Garratt ina injini mbili zinazolishwa na boila moja, kila moja na mapigo manne kwa mzunguko wa gurudumu, na kwa kuwa hazikufungwa pamoja, mapigo hupatana kisha yakaachana. Pumzi moja iliyonyooka ni ya mashine nyingine. Asiyeamini apande basi hadi Makumbusho ya Reli Nairobi, akahesabu silinda za 5918, Mount Gelai.

Wa tatu anauliza kama kipokezi cha gari la mtoto kutoka sokoni kitafaa. Hapana. Vingi vya aina hiyo vinajua kwenda na kusimama tu, na kichwa cha treni kinapaswa kuondoka polepole kikiwa na mabehewa.

Barua za wiki ijayo zije na ampea zilizopimwa. Isiyo na kipimo, Shangazi hataijibu.