Hongera, Baba Samaki

Tumpongeze mume wangu. Baada ya mapumziko ya miaka 9, amelirudisha sebuleni tangi lake la samaki la lita 200, pale ilipokuwa meza ya watoto. Kazi za shule sasa huandikiwa sakafuni, penye ubaridi mzuri.

Na subira aliyonayo! Mtu asiyeweza kungoja ugali uive amekaa wiki 6 akilitazama tangi tupu, ili bakteria wa kumaliza amonia wazaliane kwanza kwenye chujio. Kila Jumamosi hubadilisha robo ya maji: ndoo mbili na nusu, zilizolazwa usiku kucha klorini itoke. Sisi wengine maji ya mgao tunayaoga na klorini yake, kopo moja moja. Inaua vijidudu.

Wageni wenyewe wametoka Ziwa Tanganyika, walaji wa mwani, matumbo yao mepesi. Nyama huwavimbisha. Basi mchicha huchemshwa kidogo, hupozwa, hukatwakatwa kama wa mtoto anayeota meno. Mimi nilipovimbiwa niliambiwa nitembeetembee.

Umeme ukikatika, betri huendesha pampu wasikose hewa. Feni yetu haina haja ya betri. Tuna kipande cha boksi.

Jana usiku nilimsikia akiwauliza, kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho wakati wa uchumba: "Mmeshindaje leo, wapenzi?"

Samaki hawajambo. Asanteni kwa kuuliza.