Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Kwa miezi kadhaa, swali la kwanza la asubuhi nyumbani kwetu Buguruni lilikuwa hilo. Kabla ya chai, mume wangu alifungua boneti injini ikiwa bado ya baridi, akamulika chupa ya akiba kwa tochi. Maji yalikuwa yamepungua, si sana, lakini yamepungua. Uvunguni mwa gari, kukavu. Gari lenyewe ni la Kijapani, la mwaka 1998, nalo ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki Amana. Likisimama, nyumba nzima inahangaika.

Mpira ukipasuka, kila mtu barabarani anaona mvuke. Tundu dogo ndilo linalosumbua, kwa sababu huanza kazi injini ikishapata moto. Mfuniko wa rejeta una namba, kwa magari mengi ya Kijapani 0.9 au 1.1: hicho ndicho kiasi cha msukumo unaozuiwa ndani. Kwa msukumo wa namna hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, hufika karibu 118. Ndiyo maana anayefungua mfuniko gari likiwa la moto huungua uso na mikono. Na ndiyo maana tundu lililotulia alfajiri huamka ukiwa kwenye foleni ya Mandela, umebanwa na malori ya bandarini, na tone likidondokea chuma cha moto hukauka kabla ya kugusa lami.

Fundi wa kwanza alisikiliza, akatamka: gasketi ya silinda hedi. Usiku ule hakuna aliyelala mapema. Wifi yangu alitaka gari liuzwe kabla halijafa. Mimi nilitaka nione ushahidi kwanza. Oili kwenye stiki ilikuwa safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Eksozi haikutoa moshi mweupe. Tukawasha injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi, tukatazama: hakuna mapovu. Nikasema hedi haifunguliwi. Kufungua hedi kwa kukisia ni kuchukua ada ya watoto na kuipeleka gereji, na hilo sitalikubali maadamu napumua.

Kilichoficha ukweli ni maji yenyewe. Tangu kwa mwenye gari wa kwanza, injini ile ilizoea kujazwa maji matupu, na kwa Dar maji matupu wakati mwingine ni ya kisima chenye chumvi, ambayo hula vyuma kutoka ndani. Tena maji matupu yakivuja hayaachi alama ya rangi. Kulanti ina rangi, na ikikauka huacha ukoko mahali ilipopita. Fundi wa pili, kijana mtaratibu, akamwaga maji yote, akasuuza, akajaza kulanti ya kijani. Akasema: “Sasa tusubiri, mama. Itajionyesha yenyewe.”

Ilijionyesha kwa mama mkwe. Kiti cha mbele kushoto ni chake, na siku nyingi alikuwa akisema kapeti ina unyevu. Gereji nzima ilimjibu kwamba ni maji ya AC, na kweli AC hudondosha maji. Siku hiyo tuliporudi kutoka kliniki hakushuka. Aliinama, akagusa kapeti, akasugua vidole. “Mwanangu, maji hayatelezi hivi. Njoo unuse.” Yalinukia utamu. Mume wangu akakandamiza kitambaa cheupe pale chini, kikatoka na ukijani.

Ilikuwa hita. Dar nani anawasha hita? Lakini katika gari letu maji ya moto hupita humo, uiwashe usiiwashe. Nayo imekaa nyuma ya dashibodi, kwenye boksi moja na kiyoyozi, kwa hiyo kinachovuja hutafuta njia ileile ya maji ya AC, na macho ya mafundi yanadanganyika.

Beseni la kulanti iliyomwagwa nililisimamia mwenyewe mpaka likafunikwa. Kulanti nyingi ni sumu, na utamu wake huvuta paka na watoto.

Fundi alitoa ushauri wa haraka: mipira miwili inayoingia kwenye hita iunganishwe chini ya boneti, maji yasifike ndani kabisa. Kazi ndogo, pesa kidogo. Wote tuliitikia, isipokuwa mama.

“Na Julai tukienda nyumbani?”

Nyumbani kwake ni Njombe. Asubuhi za Julai huko baridi inapenya blanketi, na hewa ya moto si ya miguu tu: ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo mnapokata kona. “Itafutwe hita nyingine,” akasema, na mjadala ukaisha.

Tuliipata Gerezani, ya mtumba. Kabla hatujalipa, fundi aliziba mdomo mmoja, akaizamisha kwenye ndoo ya maji na kupuliza upande wa pili. Hakuna povu. Kazi ya kuvua dashibodi ilikula siku nzima, skrubu zikipangwa kwenye bakuli zangu za mboga, kapeti ikianikwa ukutani. Gharama ilizidi mbali ile ya kuunganisha mipira, na niliilipa kwa moyo mweupe. Mama aliniagiza niongeze mfuniko mpya wa rejeta, nikauongeza. Chupa haijashuka tena, na safari ya Julai iko palepale.