Kofia Imejaa Siri
Vijana wa Kanga, kaskazini mwa Mafia, wamekuwa wacha Mungu ghafla. Kofia asubuhi, kofia jioni, kofia hata uwanjani kwenye mpira. Mwenye macho haambiwi tazama: uwaraza umebisha hodi kabla ya posa.

Dawa ya kwanza ni mafuta ya nazi, maana nazi ndizo tulizonazo. Kichwa kinang'aa hadi nzi anateleza, nywele, hola. Kikafuata kitunguu maji, na bodaboda wakaanza kuchagua abiria. Sasa kuna kichupa cha minoksidili kutoka Dar, kinachovushwa Nyamisati hadi Kilindoni kwa usiri unaowashinda wauza magendo.

Jamani, hiyo ilikuwa dawa ya shinikizo la damu! Wagonjwa wakaota malaika wasikotaka, wajanja wakanusa biashara, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Unangoja miezi. Wiki za mwanzo nywele zaweza kupukutika zaidi. Ukiacha, hata zilizoota zinakuaga. Umejipangishia kichwa chako mwenyewe, kodi kila mwezi.

Kuna pia kidonge cha finasteridi. Hicho hupunguza homoni inayosinyaza mashina ya nywele, ila kwa wachache hupunguza na hamu ya chumbani. Haya, bwana harusi mtarajiwa, chagua pa kupunguziwa.

Mchumba mwenyewe ameuliza mahari, akauliza na bati za nyumba. Nywele hajazitaja.