Vyombo vya Kuangaliwa

Nyumba nyingi za Malindi zina vyombo vya namna mbili: vya kulia na vya kuangaliwa. Vya kulia ni vya plastiki na melamini. Huangushwa, hukaliwa, watoto huvifanya ngoma, na vinadumu mpaka vinachosha. Vya kuangaliwa ni vya kauri na kioo. Hukaa juu ya kabati sebuleni, havitiwi wali wala maji, hakuna ruhusa ya kuvigusa, na hivyo ndivyo vinavyovunjika.

Shangazi yangu, anayekaa nyuma ya barabara ya Lamu, ni tajiri wa namna hii ya pili. Ana mrashi wa kioo aliotunzwa siku ya harusi yake. Ana vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havijaonja kahawa tangu vitoke dukani. Ana chombo kirefu cha maua alichouziwa na Mtaliano aliyekuwa akifungasha virago arudi kwao. Na juu ya vyote kuna bakuli la maua ya buluu, urithi wa mamake.

Maadui wa hazina hii anawajua mmoja mmoja. Kuna paka. Kuna wajukuu. Kuna upepo wa kusi, ambao msimu wake ukishika hulipeperusha pazia likazoa kila chenye shingo ndefu. Na kuna malori ya chumvi yanayotoka Gongoni: likipita moja, kabati zima latetemeka, na kila mtetemeko husogeza kitu unywele mmoja. Ramadhani kikombe kilikuwa nyuma kabisa. Kufika Mfungo Tatu kinachungulia sakafu.

Rafu ya ukutani nayo si ya kutegemewa. Kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipiga msumari, ukuta unakupa unga. Ukibahatika skrubu ikashika, hewa ya bahari inaila kutu kimyakimya mpaka usiku mmoja usikie kishindo.

Ushauri haukukosekana. Seremala alipigilia ubao mwembamba kwenye ukingo wa rafu. Vikombe vikawa salama, ila havionekani. “Wageni waje kutazama mbao?” Shangazi akauliza, na ubao ukaenda jikoni kuchochea moto.

Jirani mvuvi akaleta mshipi, akaukaza mbele ya vyombo kama kamba ya nguo. Kazi safi, uzi hauonekani. Lakini mshipi ulikuwa umestaafu baharini juzi tu, bado unanukia changu. Paka, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na haja yoyote na mrashi, alipanda kabatini kwenda kuulamba.

Binamu yangu, ambaye kazi yake iko hotelini Watamu, alisema huko makumbusho hubandika vyombo kwa nta. Ni kweli, hubandika. Tukanunua nta kwa mrina asali wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tukaweka vidonge vidogo chini ya bakuli. Bakuli likatulia tuli. Ila nta haikuwa imechujwa vizuri, na kulipokucha sisimizi walikuwa wamelizunguka bakuli kwa zefe kamili. Matari tu ndiyo yaliyokosekana.

Kilichofaa ni mchanga wa pwani. Ukitiwa ndani ya chombo cha maua, uzito hushuka chini na chombo hakiyumbi hata lori likipita. Lakini jaribu kumwambia Shangazi atie mchanga kwenye mrashi wa harusi.

Jibu kamili alilipata kwenye magofu ya Gede, tulipompeleka kutembea. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, na nyumba kadhaa zikapewa majina kwa vitu vilivyookotwa humo. Iko Nyumba ya Mkasi, na iko Nyumba ya Bakuli la Kauri. Shangazi alisimama hapo muda mrefu.

“Mwanangu, umesikia? Mwenye nyumba hajulikani hata jina la babake, lakini bakuli lake lina anwani.”

Tangu hapo hakutaka tena habari za nta. Akakumbuka kaburi la nguzo la Mambrui, ng’ambo ya mto Sabaki, ambalo wazee walilipamba kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Nikamweleza kwamba katika makaburi mengi ya pwani palipokuwa na sahani pamebaki tundu la duara, wajanja wameshazibandua.

“Hao ni wezi,” akasema. “Mimi nalindwa na paka.”

Mwashi akaitwa. Akachimba kidaka kwenye ukuta wa sebule, akalipachika bakuli ndani kwa chokaa, uso wake ukiangalia mlango. Malori yanapita, kusi inavuma, paka anapanda na kushuka, bakuli halina habari. Waliobaki na wasiwasi ni binti zake watatu, ambao kila mmoja aliahidiwa bakuli hilo kwa siri.

“Ahadi zangu zote ziko palepale,” Shangazi anawaambia akiwamiminia chai kwenye vikombe vya plastiki. “Anayelitaka alibebe. Ila abebe na sebule.”