Vitabu sita vya Zanzibar: kutoka kiko cha Bwana Msa hadi kasri ya Mwinyi Fuad

Uhuru wa Zanzibar Desemba 1963, Mapinduzi Januari 1964, halafu zamu ya kalamu. Waandishi wa visiwani walimwendea kuli, mwana wa ndani na mtumishi wa jikoni, wakauliza: na huyu naye keshakuwa huru? Nahesabu vitabu vyao kutoka namba sita kushuka hadi moja. Anayebisha tukutane Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe. Kahawa nalipa mie, hoja alete yeye.

6. Kisima cha Giningi (1968), Muhammed Said Abdulla
Kila Mzanzibari kalelewa akijua wachawi hukutana Giningi. Mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko, anamwacha rafiki yake Najum ababaike, kisha anamsaka mhalifu mwenye miguu miwili kama sisi. Mtunzi, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Mbolea asubuhi, upelelezi jioni: shamba gani hilo lisingezaa?

5. Kimbunga (1994), Haji Gora Haji
Kitabu ndicho kilichochelewa. Mtumbatu huyu, mvuvi na baharia, alikuwa akitunga mashairi tangu zamani. Kimbunga chake kinang'oa mibuyu na kuiacha minazi. Mkubwa akifika hapo, lazima ajipapase mizizi.

4. Kuli (1979), Adam Shafi
Mgomo wa 1948 ulianza kwa wachukuzi wa bandarini, mji mzima ukaingia. Adam Shafi anauona kwa macho ya Rashidi, kijana wa gati anayejifunza kwamba gunia zito hupungua uzito linapobebwa na wengi. Hapa hakuna shujaa anayeshuka na farasi. Kuna watu waliochoka pamoja. Ukipita bandari ya Malindi, hapa Unguja, ukaona wachukuzi wanatokwa jasho, utawaamkia kwa adabu mpya.

3. Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed
Bwana Maksuudi, mtu wa siasa na heshima zake, anamfungia bintiye Maimuna ndani, naye huku nje anamwandama Kazija. Mlango gani huo, komeo lake upande mmoja tu! Maimuna anapotoka hajui hata njia ya sokoni, na dunia haina subira na mgeni. Wanafunzi wa Kenya waliisoma miaka mingi shuleni. Wazee wao nao wangefanyiwa mtihani.

2. Nyota ya Rehema (1976), Mohamed Suleiman Mohamed
Rehema anazaliwa na weusi ambao baba yake, Fuad mwenye mashamba, haukubali. Rangi ikamfikia baba kabla ya jina. Msichana anatoroka, anapata mapenzi ya kweli kwa Sulubu, mkulima mwenye jembe na mikono, na pori wanaligeuza shamba. Hapo ndipo wenye hati wanapokumbuka ardhi ni yao! Mwisho siusemi, usome mwenyewe. Baada ya Mapinduzi serikali iligawa mashamba eka tatu tatu. Riwaya hii ndiyo itakayokuonyesha kwa nini watu walilia kwa furaha kwa eka tatu tu.

1. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi
Naam, Fuad mwingine. Mwenye mashamba hakosekani Unguja. Lakini mwenye kitabu ni Kijakazi, mtumishi wake. Anatukanwa, anatumwa, anatumikishwa mchana kutwa, na bado anaamini bwana ndiye mlezi wake. Mapinduzi yanakuja, wenzake wanashangilia, naye Kijakazi roho yake inamhurumia bwana. Wengine hapa humwita mjinga. Mie nasema ndiye mtu mkweli kuliko wote aliyeandikwa visiwani, kwa sababu mtu aliyefundishwa kuinama tangu utotoni hainuki kwa kutangaziwa redioni. Adam Shafi hamcheki wala hamkaripii. Anamngoja, hatua kwa hatua, mpaka aone. Serikali ilipinduliwa kwa usiku mmoja. Moyo wa Kijakazi umechukua kitabu kizima. Kwa hilo namba moja ni yake, na kahawa ya kubishana bado iko jikoni.