Pilau ya Makanya

Mama mkwe alikuwa ameshanawa mikono. Sinia la pilau lilikuwa katikati ya mkeka, kachumbari pembeni, ndizi mbivu zimepangwa kwa adabu, na mwandishi wa makala haya, akitaka aonekane mwenyeji anayejali wageni wake, aliinuka akawasha pangaboi. Akaliweka namba 5.

Hiyo ilikuwa Jumapili iliyopita, saa 7:30 mchana. Ilipofika saa 7:31, watu saba walikuwa weupe.

Pangaboi lilikohoa, likazunguka mara moja taratibu kama mzee anayetafuta miwani yake, kisha likashika kasi na kumwaga yote liliyoyapokea kwa wiki 11 za ukarabati. Kilichokuwa juu ya mabawa kilitangulia. Halafu upepo ukafika kwenye ule mfereji wa dari, kijibaraza alichokiacha fundi ili kuficha taa za rangi, ukazoa na cha humo. Vumbi la jipsamu lilishuka bila sauti, kwa utulivu wa ajabu, juu ya pilau, juu ya kachumbari, juu ya koti jeusi ambalo baba mkwe hulivaa kwenye harusi na misiba tu.

Baba mkwe hakusogea. Alibaki na tonge mkononi, nyusi zimezeeka ghafla. Watoto walipiga makofi. Mama mkwe alijifuta midomo kwa ncha ya khanga, akaiangalia ile ncha, akaonja kidogo. Watu wa Same, anakotoka, hawahitaji maabara kwa jambo hili: Makanya iko wilayani kwao, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, na ndiko mawe ya jipsamu yanakochimbwa. Akauliza kwa ule upole unaochoma kuliko matusi:

"Baba, nimepanda basi kutoka Same mpaka Tabata kuja kula Makanya?"

Mwandishi alisema, "Samahani sana, mama." Angeishia hapo angeokoa heshima kidogo. Lakini kwa sababu ambazo mkewe bado anazidai, aliongeza kwamba jipsamu yenyewe haina sumu, na kwamba Wachina huitumia kugandisha maziwa ya soya wanapotengeneza tofu.

Ni kweli huitumia. Si jambo la kumwambia mkwe mwenye unga kwenye kope.

Ukweli ni kwamba jipsamu ni kitu cha kustaajabisha, na mwandishi, tangu aaibike, amekuwa akiisoma usiku kama mtu anayechunguza ukoo wa adui yake. Jiwe hili lina maji ndani yake, yamefungwa humo kwa kemia. Likipashwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa ule unga mweupe ambao Wazungu waliupa jina la Paris, kwa kuwa ulitokana na machimbo ya kilima cha Montmartre jijini humo. Fundi akiuchanganya na maji, unga unakumbuka ulikotoka: unayanywa maji uliyonyang'anywa na kurudi kuwa jiwe, mbele ya macho yako, kabla fundi hajamaliza soda. Kisha fundi huyohuyo anachukua msasa na kulisaga lile jiwe tena ili dari iwe laini. Kwa hiyo kilichoangukia pilau hakikuwa unga. Kilikuwa jiwe, limeshakunywa maji yake likatosheka, wala lisingeganda hata ungelimwagia mchuzi wote wa shughuli. Hapo ndipo penye faraja pekee ya siku ile.

Na vumbi hilo lilikaaje juu wiki zote hizo, ilhali sakafu ilidekiwa mara nne? Hili ndilo linalomnyima mwandishi usingizi. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe ya vumbi la msasa yenye upana wa mikromita 10, ukiiachia darini kwenye chumba cha mita 3 ambacho hewa yake imetulia, itafika sakafuni kwa dakika 7 hivi. Chembe ya mikromita 1 itachukua saa 12 hivi. Saa 12! Umemaliza kudeki saa 4 asubuhi, umekaa kwenye kochi unajipongeza, kumbe vumbi bado liko njiani na litatua baada ya taarifa ya habari ya usiku. Ukichukua fagio la chelewa, unalirudisha darini lianze safari upya. Ukichukua tambara lenye maji, unalipikia uji. Uji unakauka, na asubuhi marumaru yana ukungu mweupe uleule, sasa umeshikamana. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hulila mbele na kulitemea nyuma, isipokuwa iwe na kichujio cha HEPA, ambacho hukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hii kwa kulipwa huanza darini na kushuka, hufyonza kwanza na kufuta baadaye, huondoka, na kurudi siku nyingine kusafisha kile kilichokuwa bado hewani walipokuwa wanaaga.

Nyumbani Tabata kazi ilianzia sakafuni, ikaishia sakafuni. Hakuna aliyetazama juu.

Sasa, lipo daftari. Mwandishi alijivunia daftari hilo mtaa mzima. Saruji mifuko 38, kila mmoja na bei yake. Misumari. Gundi ya marumaru. Msasa, karatasi 60. Nauli ya kirikuu cha kubebea kifusi, safari tatu, na ya nne iliyokuja na maneno. Magazeti ya zamani ya kufunikia mota ya pangaboi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na fundi alikataa kutumia mfuko wowote wenye bei. Magazeti: shilingi 2,000. Sponji: shilingi 3,500. Kwenye ukurasa wa mwisho pameandikwa "Dharura, 200,000", na dharura zenyewe zikawa soda na vocha.

Usafi haumo. Si kwamba ulikadiriwa kidogo, haumo kabisa. Fundi alipokabidhi ufunguo aliliweka sawa: "Bosi, sisi kazi yetu tumemaliza. Kufagia ni mambo ya nyumbani."

Mambo ya nyumbani. Mwandishi alicheka pale mlangoni, na leo hacheki, kwa sababu ameshamjua huyo "nyumbani" ni nani. Ni dada wa kazi, msichana wa miaka 22, ambaye kwa siku nne alipanda na kushuka ndoo, akasugua saruji iliyokauka kwenye marumaru kwa mikono mitupu. Saruji changa ikilowana, na maji yanayochuruzika kutoka humo, huwa na alkali ya pH 12 mpaka 13. Vidole vyake vilichubuka na mwenye nyumba akamwambia apake mafuta ya mgando. Alikohoa wiki nzima. Lile alilokuwa anafagia halikuwa jipsamu peke yake. Lilikuwamo vumbi la grenda iliyokata marumaru sebuleni bila tone la maji, na marumaru hayo ya kiwandani yana kwazi (quartz) ndani yake. Vumbi laini la kwazi ndilo ambalo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka mwaka 1997 kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Barakoa za enzi za korona zilikuwa kabatini, boksi zima. Hakuna aliyekumbuka kumpa hata moja, kwa kuwa kichwani mwa kila mmoja hakuwa anafanya kazi ya ujenzi. Alikuwa anafagia. Nchi ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Mwenye nyumba huyu alikuwa na daftari. Sponji ina mstari wake humo. Dada hana.

Na mwisho wa mwezi alilipwa mshahara uleule.

Jumatatu, akiwa na hamu ya kujitakasa, mwandishi aliamua kushughulikia kibaraza cha nje mwenyewe. Kibaraza ni cha terazo ya zamani, na juu yake palikuwa na madoa ya saruji. Alinunua chupa ya asidi ya chooni, akamimina, na ikaanza kutoa povu na kuchemka. Akafurahi: inafanya kazi! Ilikuwa inafanya kazi kweli. Vipande vya mawe vilivyomo kwenye terazo kwa kawaida ni mawe ya chokaa, na asidi ikikutana na jiwe la chokaa hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kuacha shimo. Kilichokuwa kinachemka ni kibaraza. Alikuwa ananyoosha mkono kuchukua dawa ya klorini ya kuondoa madoa ya nguo, aiongezee nguvu, mkewe alipomvuta shati. Mchanganyiko huo hutoa klorini, gesi waliyoifungulia Wajerumani kwenye uwanja wa vita wa Ypres tarehe 22 Aprili 1915, na Tabata haikuwa na ugomvi na mtu.

Jumatatu jioni: wembe, rangi iliyokauka kwenye kioo cha sebule, mikwaruzo 14.

Jumanne: sinki limeziba, kwani maji ya saruji nyeupe yaliyomwagwa humo yaligandia humohumo, saruji ikiwa haina haja ya jua ili igande.

Jumatano alipiga simu. Alikuja mama mmoja wa makamo, kiongozi wa kikundi cha usafi, na ngazi yake begani. Hakusalimia marumaru. Alipanda, akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akashuka na kumwonyesha mwenye nyumba kile kidole bila kusema neno, kama daktari anayeonyesha picha ya eksirei. Kisha akahesabu. Wenye nyumba wengi, alieleza huku akiandika, hutaja idadi ya vyumba, kumbe chumba si kipimo. Anahesabu madirisha na nyavu zake, kwa kuwa mfereji wa dirisha la alumini unakula muda kuliko sakafu nzima. Anahesabu urefu wa dari. Anauliza maji ya tangi yanatosha au watanunua. Anauliza kama kifusi kimetoka chote, kwani kubeba ni kazi nyingine na bei nyingine. Anahesabu siku mbili zisizofuatana, na vijana wanne, na glavu zao, na barakoa zao, kila kimoja mstari wake. Mwandishi aliitazama ile karatasi kwa wivu. Ilikuwa nzuri kuliko daftari lake.

Jumla: shilingi 520,000. Na angemwita kabla ya makochi na makapeti kurudishwa ndani, alisema, ingekuwa 400,000.

Hapo akili ya kawaida ingelipa. Lakini mtu aliyetoka kununua dari ya milioni kadhaa bila kupunguziwa senti huona aibu kulipa usafi bila kubishana. "Mama yangu, tufanye 460,000," alisema.

Yule mama hakununa wala hakuapa kwamba hapati faida. Alisema, "Sawa, baba," akachukua kalamu, akatafuta kwenye karatasi kazi yenye thamani ya shilingi 60,000, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Akairudisha karatasi mezani.

Alikuwa amekata "pangaboi na mfereji wa dari".

Mke wa mwandishi, ambaye tangu Jumapili alikuwa akizungumza na mumewe kupitia watoto, aliinuka kutoka kwenye kochi lenye alama nyeupe ya makalio ya baba yake, akaichukua ile kalamu, na kuiandika upya ile kazi iliyokatwa, kwa herufi kubwa.